Mtoto Mwenye Usonji na Miwani ya Kisasa: Tuanze na Nini?

Swali la mwezi huu ni geni kidogo kuliko yale tuliyozoea ya minyoo, malaria na lishe ya watoto wachanga. Wazazi wa mtoto mwenye usonji, wanaoishi upande wa Korogwe, wanauliza kama ni kweli kwamba siku hizi ipo miwani ambayo mtoto akivaa hujiona yumo katika mahali pengine, na humo akafundishwa kuvuka barabara, kuagiza chakula na kukaa na watu bila hofu. Habari hiyo wameipata kwa ndugu yao aliye Ulaya. Wanauliza: je, wauze ng'ombe ili wainunue?

Jibu letu fupi ni kwamba wasiuze ng'ombe. Lakini jibu fupi halitoshi. Miwani hiyo si uongo, na katika namna inavyofanya kazi mna jambo ambalo kila familia ya Handeni na Korogwe inaweza kulitumia bila kununua kitu. Kwa hiyo tunaomba mtuvumilie tukilieleza kwa urefu.

USONJI NI NINI

Usonji si ugonjwa wa kuambukiza, wala si kichaa, wala si adhabu ya mtu yeyote. Ni tofauti katika namna ubongo wa mtoto unavyokua tangu mapema. Humfanya apate shida kuelewana na watu kwa maneno, kwa macho na kwa ishara. Humfanya apende kurudia jambo lile lile kwa namna ile ile. Na mara nyingi humfanya ahisi sauti, mwanga au mguso kwa ukali kuliko sisi. Daktari Leo Kanner wa Marekani aliandika mwaka 1943 habari za watoto 11 wa namna hii, na ndipo jina la hali hii likaanza kujulikana. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 katika kila watu 127 duniani alikuwa na usonji. Kwa hesabu hiyo, parokia yenye waamini 2,500 ingetazamiwa kuwa nao karibu 20. Tujiulize: tunawafahamu wangapi, na wako wapi siku ya Jumapili?

Dalili huanza kuonekana mapema. Mtoto wa mwaka mmoja haitiki akiitwa jina lake. Wa mwaka na nusu haonyeshi kitu kwa kidole ili mama naye akitazame. Maneno aliyokwisha kuyajua yanapotea. Mzazi anayeona mambo hayo asingoje mtoto "achelewe tu kama mjomba wake", bali aende zahanati au hospitali aulize.

Huku kwetu mama wa mtoto wa namna hii huambiwa kwamba mtoto amerogwa, au kwamba kuna tambiko la ukoo lililosahauliwa. Tusidhani wenzetu wa nchi zilizoendelea walikuwa na busara zaidi. Kwa miaka mingi madaktari wa huko walifundisha kwamba usonji unaletwa na mama mwenye moyo wa baridi, asiyempenda mwanawe. Alikuwa baba wa mtoto mwenye usonji, mwanasaikolojia Bernard Rimland, aliyeandika kitabu mwaka 1964 kuonyesha kwamba maneno hayo hayana msingi. Hali kadhalika wapo wanaolaumu chanjo. Taarifa ya mwaka 1998 iliyozusha hofu hiyo ilifutwa na jarida lenyewe lililoichapisha, mwaka 2010. Wapelekeni watoto chanjo.

Kwa sehemu kubwa usonji una asili katika urithi wa damu. Hata hivyo, kuna jambo moja linalotugusa sisi wa nchi ya tambarare yenye mbu. Watafiti waliochunguza watoto 20 hapa Tanzania, na kuchapisha taarifa yao mwaka 2006, waliona kwamba 14 kati yao walikuwa na usonji hasa. Kati ya hao 14, watoto 3 walikuwa wakikua vizuri mpaka walipougua malaria kali yenye homa ya muda mrefu na degedege. Watoto 3 ni wachache mno kujengea hoja kubwa. Lakini ni sababu nyingine ya kumkimbiza mtoto mwenye homa zahanati siku ile ile, badala ya kungoja apoe.

MIWANI YENYEWE

Sasa tuje kwenye miwani. Jambo lenyewe kwa Kiswahili huitwa uhalisia pepe. Wakulima wa mpunga wa Mombo wanajua pepe ni nini: ni punje iliyo na ganda lakini haina kitu ndani. Jina limekaa vizuri. Mtu huvaa kifaa kinachofunika macho, kikubwa kama miwani ya fundi wa kuchomelea vyuma. Ndani yake mna picha mbili, moja kwa kila jicho, zinazotofautiana kidogo, na ubongo huziunganisha zikaonekana zina kina. Akigeuza kichwa kushoto, picha nayo hugeuka. Baada ya muda mfupi akili inakubali kwamba yumo ndani ya ile picha, ingawa miguu yake iko sebuleni.

Kuitumia kwa watoto wenye usonji si jambo la jana. Mwaka 1996 Dorothy Strickland na wenzake huko North Carolina, Marekani, walichapisha taarifa ya watoto 2 wenye usonji waliovishwa kofia ya namna hiyo, nzito kuliko za sasa, wakaonyeshwa mtaa wa picha wenye magari. Watu walikuwa na wasiwasi kwamba watoto wataitupa kofia chini. Waliikubali. Wakatambua magari na rangi zake, na wakajifunza kuuelekea mtaani humo ubao wa alama ya kusimama. Baadhi ya wenzake hao walitoka katika mpango wa TEACCH, ulioanza mwaka 1972 katika Chuo Kikuu cha North Carolina, ambao kazi yake kwa miaka yote ilikuwa kuwafundisha watoto wenye usonji kwa picha na ratiba za kuonekana kwa macho, zilizobandikwa ukutani. Tuliweke jambo hilo akilini, maana tutalirudia.

Baadaye wataalamu wa Chuo Kikuu cha Nottingham, Uingereza, walitengeneza mkahawa wa picha kwenye kompyuta, vijana wenye usonji wajizoeze kutafuta mahali pa kukaa na kuomba nafasi kwa watu.

Lakini kazi inayotuvutia zaidi ni ile ya Newcastle, Uingereza pia. Huko hawakutumia miwani. Walitumia chumba ambacho kuta zake zote huonyesha picha, na mtoto huingia humo pamoja na mtaalamu, wakakaa wawili. Kila mtoto alikuwa na hofu yake kubwa: mwingine basi lililojaa watu, mwingine njiwa, mwingine kwenda dukani. Picha zilitengenezwa kwa ajili ya mtoto yule na hofu ile, zikaanza kwa upole na kuongezwa kidogo kidogo. Walikutana mara 4 tu, kila mara dakika 20 hivi. Katika taarifa ya mwaka 2014, kati ya wavulana 9 wenye umri wa miaka 7 hadi 13, 8 waliweza kuikabili hali waliyoiogopa, na 4 hofu iliwatoka kabisa. Mwaka 2019 walitoa taarifa nyingine ya watoto 32, na kati ya waliotibiwa karibu asilimia 45 walikuwa bado huru na hofu zao baada ya miezi 6.

Haya si mambo madogo. Anayeishi na mtoto asiyeweza kupanda basi anajua kwamba hospitali, shule, msiba wa bibi na sikukuu zote ziko upande wa pili wa basi lile.

Hebu tuangalie ni kitu gani kilichofanya kazi chumbani humo. Kitu kinachoogopwa kilifanywa kidogo. Kikaletwa sehemu moja moja, mahali ambapo hakiwezi kumdhuru. Kando yake akawepo mtu mtulivu anayemfahamu. Kikarudiwa kwa namna ile ile, mtoto akiwa na uwezo wa kusema basi. Kisha, na hapa ndipo watu wengi wanaposahau, wazazi wakamsaidia kwenda kwenye kitu chenyewe, kwenye basi la kweli na duka la kweli. Kuta za picha zilikuwa daraja tu. Kama hakuna mtu wa kumngojea ng'ambo, mtoto atabaki darajani.

MAGARI YANATOKA UPANDE GANI?

Tunalo jambo moja ambalo wauzaji wa miwani hawatalisema, nalo ni la uhai na kifo. Programu nyingi za kufundisha kuvuka barabara zimetengenezwa Marekani na katika nchi nyingine ambako magari hupita upande wa kulia. Anayesimama ukingoni mwa barabara huko hufundishwa kwamba gari la kwanza litamjia kutoka kushoto. Kwetu magari hupita kushoto, na gari la kwanza humjia mtu kutoka kulia. Mtoto wa kawaida akikosea mara moja hushituka akajirekebisha. Mtoto mwenye usonji mara nyingi hushika jambo kama alivyofundishwa, bila kubadili hata nukta, na kwake ni vigumu kuhamisha somo la mahali pamoja kulipeleka mahali pengine. Sasa mchukueni mtoto huyo, aliyefuzu vizuri sana kwenye miwani, mkamsimamishe kando ya barabara kuu ya Dar es Salaam na Arusha pale Korogwe, au pale Mkata au Kabuku, malori yakishuka na mabasi yakishindana. Atatazama kushoto kwanza kwa uaminifu wote.

Wala barabara ya kwenye programu haina bodaboda inayokuja upande usio wake.

Lugha nayo ni tatizo. Programu nyingi huzungumza Kiingereza. Mtoto wa Sindeni anayesikia Kizigua kwa bibi na Kiswahili kwa mama, na ambaye maneno yake yote hayazidi vidole vya mikono, anaongezewa lugha ya tatu ya nini?

Aidha kuna mambo ya afya. Watoto wenye usonji hupata kifafa zaidi kuliko watoto wengine, na picha zinazowakawaka zaweza kuamsha kifafa kwa baadhi ya watu wenye ugonjwa huo. Wengine hupata kizunguzungu na kichefuchefu. Watengenezaji wenyewe huweka umri: kampuni ya Sony huweka miaka 12, na Meta ilikuwa ikiweka miaka 13, kisha mwaka 2023 ikashusha hadi 10 kwa usimamizi wa mzazi. Mtoto wa miaka 5 hayumo katika hesabu yao. Na wako watoto ambao kitu chochote kinachogusa kichwa, hata kofia ya jua, ni mateso kwao. Kumlazimisha mtoto wa namna hiyo avae miwani kwa nguvu ni kumfundisha kuogopa kitu kingine.

Tena uchunguzi mwingi umefanywa kwa watoto wachache wachache, na zaidi kwa wale wanaosema na kuelewa vizuri. Mtoto asiyesema kabisa, ambaye ndiye anayewaliza wazazi wengi wa kwetu, amechunguzwa kidogo sana katika jambo hili.

Halafu bei. Miwani ya Meta Quest 3S ilipoanza kuuzwa mwaka 2024 ilikuwa dola 299 huko Marekani, yaani kama shilingi laki 8 za wakati ule, kabla ya kodi na usafirishaji. Hapo hatujahesabu umeme, intaneti, wala fundi wa kuitengeneza ikianguka sakafuni. Na itaanguka.

MAZOEZI YA NYUMBANI

Tulisema kuna jambo la kutumia bila kununua kitu. Tuchukue mfano wa stendi ya mabasi, kwa kuwa ndiyo inayowashinda wengi. Stendi ni nini kwa mtoto mwenye usonji? Ni honi, moshi, wapiga debe wanaovuta mkono, na basi likisimama njiani, kama pale Segera, ni madirisha yanayofunikwa na mikono yenye machungwa, mahindi na karanga, wote wakipiga kelele kwa mara moja. Sisi tumezoea. Yeye anaona kama nyumba inamwangukia. Akianza kupiga mayowe watu husema hana adabu, na mama hushuka kwa aibu asirudi tena.

Basi wazazi wafanye hivi. Mmoja aende stendi na simu, apige picha za mambo yanayofuatana: njia ya kutoka nyumbani, lango la stendi, basi limesimama, mlango, kiti, tiketi, na mwisho nyumba ya shangazi wanakokwenda. Asiye na simu ya kupiga picha achore; hata mchoro wa mkaa kwenye kadibodi unafaa, mradi uwe ule ule kila siku. Picha hizo apewe mtoto jioni, kwa mpangilio ule ule, kwa maneno machache yale yale. Mwalimu Carol Gray wa Marekani alianza mwaka 1991 kuwaandikia wanafunzi wenye usonji hadithi fupi za namna hii, zinazoeleza jambo litakavyokuwa kabla halijatokea, na njia yake imeenea duniani. Baada ya siku kadhaa mzazi aongeze video ya dakika moja, sauti ikiwa chini kabisa, kisha siku nyingine sauti ipandishwe kidogo. Kumfundisha mtoto mwenye usonji kwa video ni njia iliyochunguzwa kwa miaka mingi na kuonekana kwamba inasaidia.

Kisha waende stendi yenyewe wakati kumetulia, wasimame mbali, warudi nyumbani. Safari hiyo imekwisha, na imefaulu. Siku nyingine wasogee. Siku nyingine waguse basi lililosimama tupu. Kondakta akielezwa kwa heshima hakatai. Siku ya kupanda, wapande kituo kimoja tu. Ikichukua miezi miwili, ichukue. Mtoto akiziba masikio aachwe azibe, na akisema au kuonyesha kwamba imetosha, iwe imetosha kweli. Mtoto aliyedanganywa mara moja kwamba "tunaondoka sasa hivi" huwa vigumu kumpeleka mara ya pili.

Barabara hufundishwa kwa njia hiyo hiyo, kwanza uani kwa mistari iliyochorwa chini na ndugu zake wakiwa magari, wakipita upande wetu wa kushoto, kisha njia ya kijijini, kisha barabara kuu akiwa ameshikwa mkono. Hali kadhalika kinyozi, sindano ya zahanati, na mto. Watoto wenye usonji wengi hupenda kutoroka na hupenda maji, na kwa wanaoishi karibu na Mto Pangani hilo si la kuchezea. Tunajua wako wazazi wanaomfunga mtoto kamba kwa sababu ya barabara na mto. Hatuwahukumu, kwa kuwa wanakwenda shamba na hakuna wa kumwachia. Lakini mtoto anayefungwa hajifunzi barabara wala mto, na siku kamba inapokatika hatari imeongezeka.

FEDHA IENDE WAPI?

Wapo watakaosema: kwa nini watoto wa kijijini wanyimwe vitu vya kisasa? Hilo ni swali la haki, na hatutaki kulipuuza. Hatusemi miwani isije. Tunasema isitangulie mwalimu. Ikitokea mfadhili akauliza parokia inataka nini kwa ajili ya watoto hawa, jibu la kwanza lisiwe mashine. Liwe mtu aliyefundishwa, atakayekuwepo mwakani na mwaka utakaofuata.

Watu hao wanapatikana nchini. Chuo cha Ualimu Patandi, Arusha, huandaa walimu wa elimu maalumu. Shule ya Msingi Msimbazi Mseto, Dar es Salaam, ina kitengo cha watoto wenye usonji. Na karibu nasi kabisa, ukipanda kutoka Mombo kwenda Lushoto, ipo shule ya Irente Rainbow ya ndugu zetu Walutheri wa Dayosisi ya Kaskazini Mashariki, inayopokea watoto wenye ulemavu wa akili na wenye usonji. Tusione haya kwenda kujifunza kwao. Handeni nako wazee wanaikumbuka kazi iliyofanywa Kwamkono kwa watoto waliopooza kwa polio. Watu walitoka mbali kuwaleta watoto wao pale. Mguu uliopooza unaonekana, na kila mtu humhurumia mwenye nao. Usonji hauonekani, ndiyo maana mtoto huyu hupata viboko badala ya huruma.

Shirika la Afya Duniani limeandaa mafunzo kwa ajili ya walezi wenyewe, ya mikutano 9 ya kikundi na ziara 3 za nyumbani, kwa watoto wa miaka 2 hadi 9. Hayahitaji daktari bingwa ayaongoze. Mhudumu wa afya au mwalimu aliyeandaliwa anaweza. Yamekwisha kujaribiwa Kenya na Ethiopia. Kwa maoni yetu, fedha ya miwani mbili au tatu ingemlipia mwalimu nauli kati ya Korogwe na Handeni, kilomita 65 za lami, kwa mikutano hiyo yote na ziara za nyumbani pia, ikabaki ya chai. Sisi tungechagua hivyo bila kusitasita.

Baada ya hapo, miwani na ije. Na ikija, itengenezwe hapa. Wako vijana wetu wanaosomea kompyuta ambao wanaweza kwenda na kamera stendi ya Korogwe, gulio la Handeni, wodi ya zahanati na hata ndani ya kanisa, wakatengeneza picha zinazozungumza Kiswahili na zenye magari yanayopita upande wetu. Si lazima iwe ya bei kubwa. Mwaka 2014 kampuni ya Google ilionyesha kwamba kadibodi iliyokunjwa, vioo viwili na simu vinatosha kwa kuanzia. Mtoto mwenye kifafa aonwe na daktari kwanza. Zisizidi dakika chache kwa mara moja, mwalimu akae kando yake, na mtoto akiivua isirudishwe.

Kwa wazazi waliotuuliza, na kwa wengine wenye mtoto wa namna hii, hatua ya kwanza ni kwenda halmashauri ya wilaya au ya mji kumwona Afisa Elimu Maalumu, na kuuliza ni shule gani ya karibu yenye kitengo au mwalimu mwenye ujuzi. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto haki ya kusoma, na shule za msingi za serikali hazitozi ada. Mwalimu mkuu akisema "huyu hafundishiki", rudini kwa Afisa Elimu Maalumu na kumweleza hivyo. Hospitali ya wilaya nayo inaweza kuwaandikia barua ya kwenda Bombo, Tanga, au KCMC, Moshi, kwa uchunguzi zaidi. Chukueni na video fupi za mtoto akiwa nyumbani, kwa sababu mbele ya daktari mara nyingi hujikunyata asionyeshe kitu.

Kwa halmashauri za walei na viongozi wa jumuiya ndogo ndogo tuna ombi moja. Watoto hawa hawaji kanisani kwa sababu ya vipaza sauti, ngoma na msongamano, na wazazi wao hupokezana Jumapili, mmoja akibaki nyumbani. Katekista huwa na ufunguo. Jumamosi moja kwa mwezi, alasiri, kanisa lifunguliwe kwa nusu saa tu, vipaza sauti vikiwa vimezimwa, mtoto na wazazi wake waingie watembee, waguse viti, wasikilize kinanda kikipigwa taratibu, watoke. Mara ya tatu au ya nne aje mwanakwaya mmoja. Wanaokaa mlangoni siku ya Misa waelezwe mapema kwamba familia fulani itakaa kiti cha nyuma karibu na mlango wa pembeni, na kwamba mtoto akitoka mbio asishikwe na mtu mwingine ila baba yake.